Kichuguu cha Mama Selina

Mguu wa Mzee Alute ulizama sakafuni Jumapili asubuhi, akiwa ameshavaa koti lake la kanisani. Hakuanguka. Ubao ulimeguka tu chini ya kiatu kama mkate mkavu, mguu ukapita mpaka gotini, na mzee akabaki amesimama hivyo hivyo, fimbo mkononi, akimwita binti yake kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi.

"Selina. Njoo unitoe huku."

Selina aliuacha uji ukafurika jikoni. "Jamani, baba!" Alimshika kwapani akamvuta, mguu ukatoka umechubuka na umejaa udongo mwekundu mpaka ndani ya soksi. Udongo! Chini ya sakafu ile palitakiwa pawe na uwazi mtupu, si udongo. Aliinama akachungulia kwenye tundu, akawaona. Mchwa walikuwa wengi, weupe, wanapishana kwenye vichochoro vyao bila hofu, kana kwamba yeye ndiye aliyevamia kwao.

Nyumba yenyewe iko Manyoni, ng'ambo ya reli, ya matofali ya kuchoma. Ilijengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya msimamizi wa njia ya reli, mtu aliyetaka sakafu ya mbao, iliyonyanyuliwa juu ya vinguzo vya matofali, kama kwao. Huko kwao labda mchwa wana adabu. Manyoni hawana. Mzee Alute, aliyekuwa mtu wa gengi la kutengeneza reli maisha yake yote, alipewa nyumba hiyo akae wanawe wakiwa wadogo, akauziwa alipostaafu. Mwaka mmoja nyoka aliingia uvunguni, mzee akaziba matundu yote ya hewa kwa udongo na vipande vya matofali. Nyoka hakurudi, ni kweli. Lakini uvungu ukawa giza na unyevu, na hakuna kitu mchwa anapenda kama giza na unyevu.

Kabla ya jioni Ezekieli, mdogo wake Selina, alikuwa ameshapiga simu kutoka Dodoma. Nani alimwambia? Watu wana midomo.

"Dada, nilisema. Nimesema mpaka nimechoka. Hiyo nyumba itamuua mzee. Huku kwangu kuna vigae, choo ndani, hospitali ipo karibu."

"Baba hataki, Ezekieli."

"Baba hataki, baba hataki! Siku akivunjika nyonga utaniambia hataki?" Akavuta pumzi. "Sikiliza. Kama sakafu haijakaa sawa kabla ya mvua, nakuja na gari. Atake asitake. Na nyumba tutaiuza."

Selina alikata simu akakaa chini. Alijua Dodoma ingemfanya nini baba yake. Walishampeleka mara moja, kwa matibabu ya macho, na mzee alikaa kwenye kochi la mwanawe kama mzigo unaosubiri mwenyewe, akila vijiko viwili na kusukuma sahani. Alirudi amekonda, shati linapepea. Alipoulizwa kulikuwaje, alisema, "Kuzuri. Lakini nilikuwa mgeni wa mwanangu, na mgeni hana kazi." Selina, aliyerudi kwao kutoka Itigi baada ya kufiwa na mume, ndiye aliyemnywesha uji mpaka akasimama tena. Kwa hiyo siku hiyo aliapa moyoni: baba yake haondoki. Sakafu itatengenezwa hata kama ni kwa meno yake.

Fundi aliyepatikana ni Melkiori, mtu mfupi mwenye maneno mengi kuliko misumari. Alimwamkia mzee, akaitikiwa, kisha akapiga magoti na kuanza kugonga mbao kwa mpini wa nyundo, moja baada ya nyingine, kichwa ameinamisha.

"Sikiliza, dada Selina. Ngo! Huyu mzima. Sikiliza na huyu. Pwa! Huyu marehemu." Alitambaa mpaka dirishani. "Marehemu. Marehemu. Huyu mgonjwa. Marehemu. Aisee, hapa ni makaburini."

Alipong'oa mbao, Selina alitamani asiangalie. Boriti zilizobeba sakafu zilionekana nzima kwa juu, na rangi ya zamani bado ipo. Fundi alichomeka bisibisi kwenye mojawapo, ikazama mpaka kwenye mpini bila kusukumwa. Ndani hapakuwa na mti, palikuwa na udongo uliopigwa lipu vizuri.

"Hii boriti, dada, imebaki jina," alisema Melkiori, safari hii bila utani.

Kwenye vinguzo vya matofali kulikuwa na michirizi ya udongo, minene kama kidole, imepanda kutoka chini. Fundi aliifuata akitambaa kwa tumbo, akatokea nje, akaendelea kuifuata kando ya msingi, akapita jiko la nje, mpaka aliposimama mbele ya kichuguu. Kilikuwa kirefu kumpita yeye, chekundu, kimepasuka pasuka kwa jua la Agosti.

Aligeuka akamtazama Selina. "Hawa mnawafuga?"

Selina hakucheka. Maana ukweli ni kwamba waliwafuga.

Kichuguu kile kilikuwa cha mama yake. Mama Selina, Dina kwa jina lake, alikikuta pale walipohamia, akakipenda. Upo mwaka mvua ziligoma, uwele ukakauka shambani ukiwa magotini, ghala likabaki na panya peke yao. Mwaka uliofuata mvua ya kwanza iliponyesha hapakuwa na hata kiganja cha unga. Dina alichukua vijiti akajenga kibanda kidogo juu ya matundu ya kichuguu, akakifunika kwa blanketi, akachimba shimo mdomoni mwa kibanda na kutega sufuria. Halafu akaketi na kugonga ardhi kwa fimbo, taratibu, kama matone ya mvua. Kumbikumbi walitoka wakamiminika sufuriani wakijaa na kumwagika. Aliwakaanga, akawaanika, akawatwanga. Selina na Ezekieli walikula hivyo mpaka maboga yalipokuja. Watoto wa jirani wawili walizikwa msimu ule. Wa Dina hawakuzikwa.

Tangu hapo kichuguu hakikuguswa. Dina alipofariki, mzee aliichukua kazi ile mwenyewe. Kila mwaka, mvua za kwanza, alijenga kibanda, akatandaza lile lile blanketi, akakaa na kugonga. Majirani walikuja na mabakuli. Mzee Alute, ambaye mwaka mzima alifungwa vifungo vya shati na kushikwa mkono kwenda chooni, siku hizo alikaa juu ya kigoda na kugawa. "Wewe una watoto wengi, ongeza. Wewe mwaka jana hukurudisha bakuli langu." Aliwasema watu na watu walifurahi kusemwa.

Sasa basi, nenda ukamwambie mtu huyo kichuguu kichimbwe.

Melkiori alijaribu. Alisimama mbele ya mzee, kofia mkononi, akaeleza kwamba boriti mpya bila kumtoa malkia ni kuwapikia mchwa chakula kipya.

"Sakafu tengeneza," alisema mzee. "Boriti weka. Kichuguu hapana."

"Basi tupige dawa, mzee."

"Dawa ni sumu. Utie sumu kwenye chungu cha mke wangu, halafu nigawie watu?"

"Mzee wangu, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

"Na kilichonilishia wanangu kiko wapi?" Mzee alimkazia macho yake mabovu. "Hilo wahenga hawakusema?"

Fundi alivaa kofia yake.

Alipokuwa anaondoka, Selina alimsindikiza hadi relini. Melkiori alipunguza sauti, akamweleza bila mizaha. Angeleta mninga kutoka Itigi, mti usiowapendeza mchwa. Juu ya kila kinguzo angeweka kipande cha bati lililokunjwa kingo, boriti isiguse tofali. Angefungua matundu ya hewa na kupaka oili chafu kila mahali. "Miaka mitatu, minne, watakuwa wanazunguka zunguka. Halafu watapata njia. Mchwa hana haraka." Alisita. "Mzee sasa ana miaka mingapi?"

"Themanini na kitu."

"Basi itamtosha," alisema Melkiori, na alisema kwa wema kabisa.

Neno hilo lilimwingia Selina kama mwiba. Itamtosha. Alirudi nalo nyumbani, akapika nalo, akalala nalo. Kila alipomtazama baba yake anakunywa chai alilisikia: itamtosha. Yaani akubali kumpimia baba yake umri kwa urefu wa boriti? Aweke sakafu ya miaka mitatu, halafu akae akiombea nini, sakafu ishinde au mzee awahi? Na mzee akifikisha tisini na kitu kama shangazi yake, je, siku mguu unazama tena, atamwambia, "Samahani baba, tulikadiria utakuwa umeshakufa"? Hapana. Kama anatengeneza, atengeneze ya kudumu. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga, masikini, na aliipiga kwa mapenzi.

Ndipo akapatikana marehemu. Mzee mmoja aliyefanya kazi na baba yake kwenye gengi alifia Kilimatinde, na watu wa kanisani wakaja na gari kumchukua Mzee Alute kwenda kuzika. Selina alimfunga vifungo vya koti, akampa leso safi, akamsaidia kupanda. Gari lilipopotea alimgeukia Melkiori, aliyekuwa anakata mninga uani.

"Kichimbe. Lakini kwa nyuma, upande wa ua wa minyaa. Kwa mbele kisionekane."

"Dada, una hakika?"

"Fundi, umekuja kufanya kazi au kunihoji?"

Melkiori alichimba kwa sururu kutokea nyuma, chini kabisa, akizama ndani kidogo kidogo. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji, kisha ukalainika, zikaanza kutokea bustani zao, masega ya kijivu yanayonuka uyoga. Katikati akakuta donge gumu la udongo, kubwa kama mkate. Alilipasua kwa patasi. Malkia alikuwa ndani, mnene kupita kidole gumba, mweupe wa manjano, tumbo linapanda na kushuka. Hakuweza hata kujisogeza. Fundi alimweka juu ya kipande cha bati ili Selina amwone, na kabla Selina hajasema neno, tetea wake alikuja mbio, akamdonoa mara moja, akammeza, akafuta mdomo ardhini.

Selina alichukua maji yaliyokuwa yakichemka jikoni. Aliyamwaga ndani ya shimo, sufuria baada ya sufuria, mpaka mvuke ukaacha kutoka. Kisha walirudisha udongo, wakaushindilia, wakanyunyizia vumbi kavu, wakaegesha kuni. Kwa mbele kichuguu kilikuwa kile kile.

"Mungu atusamehe," alisema Melkiori. Selina alimwambia aendelee na boriti.

Sakafu ilikamilika ikawa nzuri, haki lazima isemwe. Mninga ulinukia nyumba nzima. Mzee Alute alivua viatu, akaingia chumbani kwa soksi, akagonga kila ubao kwa fimbo, akasimama katikati na kurukaruka kidogo, mzee mzima, mpaka Selina akapiga yowe.

"Inaitika vizuri," alisema. Alimshika fundi mkono kwa mikono yake miwili akambariki. Kisha akamgeukia binti yake. "Umeniokoa na Dodoma, mama. Mungu akuzidishie."

"Amina, baba," alisema Selina, akaenda jikoni kulia.

Novemba mzee alianza maandalizi yake. Alikata vijiti. Aliulizia blanketi. Alichimba lile shimo kwa mikono yake, akipumzika kila baada ya dakika chache, na alikataa kusaidiwa. Watoto wa mtaani walimpitia wakienda shule: "Shikamoo babu! Bado?" "Marahaba. Mvua ikifika na wao watafika. Waambieni mama zenu waoshe mabakuli." Scola, jirani wa ng'ambo ya ua wa minyaa, alikuja kabisa kuweka oda yake. "Shikamoo baba. Mwaka huu usinipunje." "Marahaba. Lini nilikupunja, mwanamke mlafi wewe?" Walicheka wote wawili. Selina alikuwa anachambua mlenda, hakuinua uso.

Alikuwa amepanga kusema ukweli. Alifungua mdomo asubuhi, akaufunga. Alijiambia labda wapo waliobaki. Alijiambia labda malkia mwingine amezaliwa. Mtu akishaanza kujidanganya, nani wa kumzuia?

Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika asubuhi, jua likatoka na ardhi ikafuka mvuke. Kufikia alasiri kumbikumbi walianza kuruka. Walitoka kwenye kichuguu cha Scola, kile kidogo karibu na choo. Walitoka kando ya reli, walitoka shambani kwa watu, hewa yote ikajaa mabawa, kuku na watoto wanakimbizana nao kwa kelele moja.

Mzee Alute alikaa kwenye kigoda chake, blanketi limetandazwa, sufuria limetegwa. Aligonga. Tap, tap, tap. Alisikiliza. Aligonga tena.

"Wamechelewa," alimwambia Selina alipomletea chai. "Wa mama yako huwa na maringo."

Majirani walianza kuja na mabakuli yao kwa mazoea, wakasimama, wakatazama sufuria, wakatazamana. Mmoja mmoja waliaga kwa visingizio. Mzee aligonga, akabadili mkono, akagonga tena. Jua lilikuwa limeinama Scola alipopita kwenye uwazi wa minyaa na bakuli lake. Safari hii lilikuwa limejaa.

"Baba, nimekuletea kidogo," alisema, macho chini. "Kwangu mwaka huu wametoka sana."

Mzee alilipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mama," alisema. "Umefanya vizuri kunikumbuka." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kwenye kochi la Dodoma, na Selina, mlangoni mwa jiko, aliitambua.

Scola alipoondoka, mzee aliliweka bakuli chini bila kuonja. Alisimama, akaweka kiganja kwenye kichuguu, akakiacha hapo. Kisha akakizunguka polepole, akisukuma fimbo mbele yake, akaziangusha kuni zilizoegeshwa. Fimbo ilizama. Udongo ulikuwa mlaini mpaka ndani.

"Selina."

"Abee, baba."

"Nani?"

Angeweza kumtaja Melkiori. Angeweza kusema wezi, mhanga mla mchwa, mvua. "Ni mimi, baba. Siku ile ulipokwenda kuzika. Fundi alisema sakafu haitadumu. Nilitaka ukae. Nilitaka usiondoke hapa, baba, ndiyo maana."

Mzee hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alichomoa fimbo, akaifuta udongo kwa leso.

"Mwaka mzima mnanilisha," alisema. "Mnanivisha, mnaniosha, na mimi nakaa kimya, nasubiri. Siku zile mbili tatu ndizo nilikuwa nawalisha ninyi. Basi. Ulidhani nilikuwa nakaa hapa kwa ajili ya mbao?"

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Wewe ni mwanangu, nisipokusamehe wewe nimsamehe nani?" Alianza kurudi nyumbani, na alipopita karibu naye alimgusa bega, kama mtu anayeaga msibani. "Mpigie mdogo wako. Mwambie aje na gari."

"Baba, sakafu imepona! Mguu hautazama tena!"

"Najua. Iko imara. Atapata mnunuzi mzuri."

Selina alibaki uani mpaka matone yakaanza tena. Ndani alimsikia baba yake anavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, na sakafu haikulalamika hata kidogo. Alipiga simu mara mbili akikata kabla haijaita. Mara ya tatu aliiacha iite.

"Amekubali?" Ezekieli alipiga kelele ya furaha, akamwita mkewe asikie. "Amekubali mwenyewe? Kwa mdomo wake? Dada, hongera! Mimi miaka yote hii nimemshindwa. Hebu niambie, wewe umemwezaje?"